Usinunue mfumo kabla hujajua neno liko wapi

Leo sijaja na mbinu ya kupata wateja wapya. Nimekuja na msimamo, na najua kuna watakaonipinga. Karibuni tu.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji wa mtandaoni ambaye hajui kuiuliza kompyuta "hili neno liko nafasi ya ngapi ndani ya ujumbe huu?" asitoe hata shilingi kununua mfumo wa kutunza oda. Ajifunze hilo kwanza. Halihitaji cheti, na linafanyika kwenye simu hiyo hiyo unayojibia wateja. Mimi mwenyewe nimeishia kidato cha nne na kompyuta sikufundishwa na mtu, kwa hiyo hoja ya "mimi siyo msomi" naomba tuiweke pembeni mapema.

Kwa nini nakazania jambo dogo namna hii? Kwa sababu duka letu sisi ni maandishi. Mwenye fremu Kariakoo anaona mzigo wake kwenye rafu na hela yake kwenye droo. Sisi oda inakuja kama ujumbe, malipo yanakuja kama ujumbe, mahali pa kupeleka mzigo ni ujumbe, na lawama nazo ni ujumbe. Usipoweza kuchomoa kitu ndani ya maandishi, duka lako hulioni. Utalisikia tu kwa wateja, tena siku wakiwa wamekasirika.

Fikiria ile hali tunayoijua wote. Mteja anakuandikia, "Dada nilishalipa tangu jana, mbona kimya?" Una ujumbe wa malipo 300 wa mwezi huu. Ukimwambia hajalipa wakati amelipa, umempoteza yeye na rafiki zake. Ukituma mzigo wakati hajalipa, umepoteza mzigo. Katikati ya hasara hizo mbili kuna kazi moja tu: kutafuta namba yake ya muamala ndani ya maandishi, haraka, bila kutegemea macho yaliyochoka saa nne usiku.

TEPU KABLA YA MKASI

Mpelekee fundi cherehani kitambaa. Hakati kwa kuwa tu kitambaa kipo mezani. Anapima kwa tepu, anatia alama ya chaki, ndipo mkasi unapita. Akikosea kupima, hata mkasi uwe mkali vipi, gauni limeharibika.

Kwenye Google Sheets na Excel, tepu zako ni mbili: FIND na SEARCH. Kazi yake ni kukwambia neno linaanzia nafasi ya ngapi. Mikasi ni mitatu: LEFT inakata kuanzia kushoto, RIGHT inakata upande wa kulia, na MID inachukua kipande cha katikati.

Tuseme kwenye kisanduku A2 umeandika oda hivi:

Mkoba/mweusi/Tanga/35000

Andika pembeni:

=FIND("/",A2)

Jibu ni 6. Kompyuta imehesabu kuanzia kushoto: M ni 1, k ni 2, o ni 3, b ni 4, a ni 5, na mkwaju wa kwanza ni wa 6. Kila kitu kinahesabiwa: herufi, tarakimu, alama, hata nafasi tupu.

Sasa ukitaka jina la bidhaa peke yake, kata kabla ya mkwaju:

=LEFT(A2,FIND("/",A2)-1)

Inakupa Mkoba. Ile -1 ni ya kuuacha mkwaju nje.

Rangi je? Hapo unahitaji mkwaju wa pili. Unaiambia FIND ianze kutafuta baada ya ule wa kwanza:

=FIND("/",A2,FIND("/",A2)+1)

Jibu ni 13. Angalia vizuri: imeanza kutafuta kwenye nafasi ya 7, lakini jibu bado limehesabiwa kutoka mwanzo wa maandishi. Kati ya 6 na 13 kuna herufi 6, na hizo ndizo "mweusi". Kwa hiyo =MID(A2,7,6) inakuletea rangi. Ukishaelewa hesabu hiyo, unaweka FIND mahali pa hizo namba ili fomula ifanye kazi kwa kila oda, hata bidhaa ikiwa na jina refu.

Kama jedwali lako linakataa alama ya mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato. Inategemea nchi uliyochagua kwenye mipangilio, fomula haina kosa.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si kuna SPLIT?" Ipo, na kwa mstari uliopangwa kwa mikwaju kama huu Google Sheets inaukata wote mara moja kwa =SPLIT(A2,"/"). Itumie. Lakini ujumbe wa malipo hauna mikwaju. Mteja naye anaandika anavyojisikia. Hapo SPLIT inabaki kimya, na anayejua kupima ndiye anayeendelea na kazi.

UJUMBE WA MALIPO

Huu hapa mfano wa kutunga. Kila mtandao una mpangilio wake, kwa hiyo fungua wa kwako ulinganishe:

Umepokea Tsh45,000 kutoka kwa mteja. Kumb AB12CD34. Salio Tsh120,000

Kwa macho unaona elfu arobaini na tano. Kompyuta haioni hela, inaona herufi. Wewe ndiye wa kuionyesha hela inakaa wapi. Hela inaanza baada ya "Umepokea Tsh" na inaishia kabla ya " kutoka". Maneno "Umepokea Tsh" ukihesabu na nafasi tupu iliyo katikati ni herufi 12. Kwa hiyo kiasi kinaanzia nafasi ya 13, na nafasi tupu iliyo kabla ya "kutoka" ni ya 19. Kutoa 13 kwenye 19 unabaki na 6, na "45,000" ni herufi 6 ukihesabu na mkato. Fomula yake:

=MID(A2,SEARCH("Umepokea Tsh",A2)+12,SEARCH(" kutoka",A2)-SEARCH("Umepokea Tsh",A2)-12)

Inatoka 45,000. Ila bado ni maandishi. Ili uweze kuijumlisha, ondoa mkato kwa SUBSTITUTE kisha uifanye namba kwa VALUE.

Kwa nini nimetafuta "Umepokea Tsh" nisitafute "Tsh" peke yake? Kwa sababu Tsh zipo mbili: ya malipo na ya salio. Tepu hizi zinakupa ya kwanza kukutana nayo, basi. Leo ya kwanza ni malipo. Siku mtandao ukibadili mpangilio ukatanguliza salio, fomula yako itaendelea kufanya kazi bila kulalamika, huku ikiandika salio lako kama mauzo. Mwisho wa mwezi utajiona tajiri kwenye jedwali. Ndiyo maana nasema kupima si ufundi wa kujionyesha. Ni ulinzi wa hela yako. Daima tafuta maneno yanayokaa jirani kabisa na kitu unachokitaka.

Sasa turudi kwa yule mteja wa "nilishalipa". Muombe namba ya muamala, iandike kwenye F2, kisha pembeni ya kila ujumbe weka:

=IFERROR(SEARCH($F$2,A2),0)

Kila mstari utaonyesha 0 isipokuwa ule wenye namba hiyo. Bila IFERROR, mistari yote isiyo na namba ingejaa #VALUE!, kwa sababu FIND na SEARCH zisipopata kitu zinatoa hitilafu. Ikitokea 0 kila mahali usikimbilie kumwambia mteja ni mwongo. Angalia kama ameandika herufi O badala ya sifuri, au ameacha nafasi tupu katikati. Ukihakikisha, mjibu kwa adabu na kwa ushahidi.

Na jambo moja nisieleweke vibaya. Unatafuta kwenye ujumbe uliofika kwenye simu yako na kwenye taarifa ya miamala ya akaunti yako. Usitafute kwenye ujumbe aliokutumia mteja wala kwenye picha ya skrini aliyokupa. Fomula inakwambia neno liko wapi, haikwambii kama neno ni la kweli. Mtu anaweza kukuandikia "Umepokea" kwa mkono wake, na SEARCH italipata vizuri kabisa.

KISWAHILI KINA MITEGO YAKE

Hapa ndipo masomo mengi ya mtandaoni yanapotuacha. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kikitaka wingi mara nyingi kinaongeza herufi mwishoni. Ukitafuta umoja, wingi unakuja wenyewe. Sisi tunabadilisha mwanzo.

Tafuta "kiatu". Oda ya mteja aliyeandika "nataka viatu" haitokei. Ukasema basi nitafute "atu", mzizi unaobaki palepale. Itatokea "viatu", lakini na "watu" itatokea, na "matumizi", na "tatu". Mteja ameuliza, "Mikanda mitatu ni bei gani?" nawe jedwali linakuhesabia oda ya viatu.

Tafuta "koba" ili upate mkoba na mikoba. Unapata na makobazi! Kama unauza vyote viwili, hesabu imeshachanganyika.

Tafuta "saa" kwa ajili ya saa za mkononi. Inakuja "naomba msaada". Inakuja na "mnafunga saa ngapi?"

Halafu miji. Unataka kujua oda ngapi zinaenda Tanga ili uongee bei na watu wa mabasi. Ukitafuta kwa SEARCH, mteja aliyeandika "nimeona umetangaza mikoba" anahesabiwa mtu wa Tanga. Kwa wenye wateja wa Same kule Kilimanjaro, kila "nisamehe" itakuwa oda yao.

Dawa zipo, na zote zinatokana na kujua unapima nini. Kwa kiatu na viatu, tafuta yote mawili kisha ujumlishe:

=IFERROR(SEARCH("kiatu",A2),0)+IFERROR(SEARCH("viatu",A2),0)

Jibu likizidi 0, ujumbe unahusu viatu. Kwa neno fupi kama saa, lizungushie nafasi tupu pande zote, na ujumbe nao uupe nafasi tupu mwanzo na mwisho:

=IFERROR(SEARCH(" saa "," "&A2&" "),0)

"Msaada" inabaki nje. Ile "mnafunga saa ngapi" bado inaingia, na "saa" iliyofuatwa na mkato au alama ya kuuliza itakuponyoka, kwa hiyo pitia kwa macho pia. Kwa miji, tafuta "/Tanga/" pamoja na mikwaju yake kwenye mstari uliouandika mwenyewe. Hakuna aliyetangaza kitu atakayepita hapo.

Na hapo ndipo penye wazo langu la pili ambalo wengine hawalipendi: usimlazimishe mteja ajaze fomu. Mteja siyo karani wako. Mwache aandike "dada ile mkoba nyeusi ya juzi naomba unitumie". Wewe ndiye umrudishie mstari mmoja: "Mkoba/mweusi/Tanga/35000, ni sahihi?" Akijibu "sawa", umepata vitu viwili kwa mkupuo: ushahidi kwamba mmekubaliana, na mstari ambao kompyuta inaweza kuupima. Kabla ya kuubandika kwenye jedwali, futa lile swali.

FIND AU SEARCH?

Tofauti ni moja ya kukumbuka. FIND inajali herufi kubwa na ndogo, SEARCH haijali. Mteja mmoja anaandika Mbagala, mwingine MBAGALA, mwingine mbagala. FIND ya "Mbagala" itampata wa kwanza tu. SEARCH itawapata wote watatu. Kwa maneno ya wateja tumia SEARCH. Kwa kitu ambacho herufi kubwa ina maana, tumia FIND.

Wale mnaotumia QUERY ya Google Sheets mjue pia kwamba neno lake contains linajali herufi kubwa na ndogo. Na QUERY inakujibu kama kitu kimo au hakimo, kisha inakuletea mistari. Haina amri ya kukwambia kiko nafasi ya ngapi. Ukitaka nafasi, pima kwanza kwa SEARCH kwenye safu ya pembeni, halafu QUERY iisome safu hiyo. Ni kama kitufe cha kutafuta cha WhatsApp: kinakuonyesha ujumbe, lakini hakikukatii kiasi wala hakikujumlishii.

KWA WENYE TOVUTI NA WANAOTAKA MFUMO

Ukikua ukafungua tovuti ya duka, oda zako zinahama kwenye jedwali zinaingia kwenye kanzidata. Swali linabaki lile lile, lugha ndiyo inabadilika. Tovuti nyingi za WordPress zinatumia MySQL. Huko unauliza hivi:

SELECT ujumbe FROM malipo WHERE INSTR(ujumbe,'AB12CD34') > 0;

Maana yake: niletee kila ujumbe kwenye jedwali la malipo ambamo namba hiyo ipo. INSTR iko pia kwenye SQLite, kanzidata ndogo iliyomo ndani ya simu za Android. MySQL ina na LOCATE, PostgreSQL ina POSITION na STRPOS, SQL Server ina CHARINDEX. Zote zinahesabu kuanzia 1, na neno lisipokuwepo zinajibu 0.

Kuwa makini na mpangilio. INSTR inataka ujumbe mzima kwanza, halafu neno unalolitafuta. LOCATE na CHARINDEX zinataka neno kwanza, halafu ujumbe, kama zilivyo FIND na SEARCH. Ukigeuza, kanzidata haigombi. Inautafuta ujumbe mzima ndani ya neno fupi, inaukosa, inakujibu 0. Wewe unaamini mteja hajalipa.

Herufi kubwa na ndogo nazo zinategemea ulipo. PostgreSQL inazitofautisha, INSTR ya SQLite inazitofautisha, MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida haizitofautishi. Ukitaka usalama, geuza vyote viwe herufi ndogo kwa LOWER kabla ya kupima.

Na kuna mtego mmoja unaokula oda kimyakimya. Lugha ya JavaScript, ambayo watengenezaji wengi wanaitumia, ina amri ya indexOf. Hiyo inaanza kuhesabu na 0, na ikikosa inajibu -1. Kwa hiyo kwenye kanzidata 0 maana yake "halipo", na kwenye JavaScript 0 maana yake "lipo, tena mwanzoni kabisa". Mtengenezaji akichanganya haya mawili, kila ujumbe unaoanza na neno linalotafutwa utahesabiwa haupo. Na ujumbe wa malipo unaanza na neno gani kwenye ule mfano wetu? "Umepokea".

Sasa mnaona kwa nini nasema jifunze kabla ya kununua. Sikwambii ujenge mfumo mwenyewe. Nakwambia ukikaa mezani na anayekuuzia, uwe na maswali matatu ambayo hawezi kuyapaka mafuta:

1. Neno lisipopatikana, mfumo wako unajibu nini, na mimi nitaonaje?

2. Unatofautisha herufi kubwa na ndogo?

3. Neno likitokea mara mbili kwenye ujumbe mmoja, unachukua lipi?

Akijibu vizuri kwa mfano hai, mlipe, amekufaa. Akianza kukuimbia "usijali boss, mfumo wetu ni wa kisasa", funga pochi. Mtu asiyejua kupima hajui kuuliza maswali haya, na asiyeuliza ananunua rangi za skrini.

NAJUA MTASEMA

"Mimi nina oda tano kwa siku, daftari linanitosha." Sawa kabisa, na daftari usilitupe. Lakini kujifunza kwenye oda tano ni rahisi kuliko kujifunza kwenye oda hamsini huku wateja wanakupigia. Msimu wa sikukuu haukusubiri umalize somo.

"Nitaajiri kijana anipangie." Mwajiri, vijana tunahitaji kazi. Ila ukimpa ujumbe wote kama ulivyo, umempa majina, namba za simu na makazi ya wateja wako wote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Hata bila sheria, mteja amekuamini wewe, hajamwamini kila anayeshika simu yako. Ukijua kukata, bodaboda unampa safu mbili tu: eneo na namba ya simu ya mteja wa leo. Anayekufungia mzigo unampa bidhaa na rangi. Kiasi cha hela kinabaki kwako.

"Siku hizi akili bandia inaandika fomula." Ni kweli, na mimi sioni ubaya. Lakini itakuandikia kulingana na swali lako. Ukiiambia "nitolee hela kwenye ujumbe" inaweza kukupa fomula inayoshika Tsh ya kwanza, na tumeshaona hatari yake. Anayejua kupima ataigundua kwa kujaribu ujumbe mitatu. Asiyejua ataiamini mpaka siku ya kufunga hesabu. Na tafadhali, ukiomba msaada huo, tunga ujumbe wa mfano kama nilivyofanya hapa. Usibandike wa mteja halisi.

"Inachosha." Hapo sibishani. Siku ya kwanza inachosha kweli. Kusoma ujumbe 300 kwa macho kila mwisho wa mwezi kunachosha zaidi, na hakuishi.

ANZA HIVI WIKI HII

Siku ya kwanza, fungua jedwali jipya, andika oda kumi za kutunga kwa mikwaju, na utafute mkwaju wa kwanza kwa FIND. Hesabu kwa kidole uone kama jibu linalingana. Usiruke hapo kwenye kidole, ndipo akili inapokubali.

Siku ya pili, kata jina la bidhaa kwa LEFT na rangi kwa MID.

Siku ya tatu, chukua ujumbe wako mmoja wa malipo, badilisha jina na namba, kisha uchomoe kiasi.

Siku ya nne, iharibu fomula kwa makusudi. Weka ujumbe usio na neno unalotafuta, weka wenye neno mara mbili, weka wenye herufi kubwa tupu. Uone inajibu nini. Fomula ambayo hujawahi kuiona ikikosea, huijui bado.

Siku ya tano, andika maneno matano unayoyauza sana, na kila moja liandikie umoja, wingi, na neno jingine linalolificha ndani yake, kama makobazi yanavyoificha mikoba. Orodha hiyo hutaipata kwenye somo lolote la mtandaoni. Ni ya duka lako na lugha yako.

Ukimaliza hayo, nenda kanunue mfumo ukitaka. Utakaa na muuzaji wake kama mteja anayejua kitambaa, na ukiona hela yako imewekwa sehemu isiyo yake utajua pa kuanzia kutafuta.

Haya, nasubiri wapinzani. Na kama unauza kitu ambacho jina lake linajificha ndani ya neno jingine, liandike hapa chini, tusaidiane kulizungushia mitego.